Kutenganisha kobalti na nikeli kwa D2EHPA: kobalti inatoka na nikeli nyingi, kosa liko wapi?

Bika_la_Kijani

Wakuu, naomba msaada wa wanaotenganisha metali kwa viyeyushi. Mmumunyo ni wa salfeti: nikeli 25 g/L, kobalti 3.0, magnesiamu 0.4, kalsiamu 0.45, manganisi 0.05, zinki 0.02. Chuma kimeshaondolewa kwa chokaa na hewa, kimebaki chini ya 5 mg/L. Ninachotaka ni kobalti yenye nikeli isiyozidi sehemu 1 kwa 1000, na nikeli inayobaki kwenye maji iwe na kobalti chini ya 20 mg/L.

Kemikali iliyopo ni D2EHPA (asidi ya kikaboni inayokamata metali), 20% kwa ujazo ndani ya mafuta ya taa yaliyosafishwa. Maji na mafuta sawa kwa sawa, joto la chumba, kutikisa dakika 5 kwenye faneli ya kutenganishia.

Jaribio la 1: pH ya maji ilipandishwa hadi 5.5 kwanza, ndipo yakachanganywa na mafuta. Baada ya kutulia pH ilisomeka 2.6. Kobalti iliyohamia kwenye mafuta ni 8% tu, nikeli karibu sifuri.

Jaribio la 2: soda kaustiki 10 M ilidondoshwa wakati wa kutikisa mpaka pH ikasimama 4.4. Kobalti 70%, nikeli 25%. Utando wa kijani umebaki katikati na matabaka yalichukua zaidi ya dakika 20 kuachana.

Kukamua (kuitoa metali kwenye mafuta) kwa asidi ya salfuriki 200 g/L: vijisindano vyeupe vimejaa chini ya faneli na haviyeyuki.

Je, niongeze hatua, nibadilishe pH, au kemikali yenyewe haifai?

---

Mizani_ya_Asidi

Mkuu, anzia jaribio la 1, maana nusu ya majibu yako imo humo.

Kila ayoni ya kobalti inayoingia kwenye mafuta inatoa ayoni mbili za hidrojeni kwenye maji. Kobalti 3 g/L ni moli 0.051, kwa hiyo ikihamia yote inaachia moli 0.102 za asidi katika kila lita. Maji ya pH 5.5 hayana kitu cha kuipokea asidi hiyo. Salfeti husaidia kidogo, lakini huanza kusaidia pH ikiwa tayari imeshuka karibu na 2. Ndiyo maana ulianza 5.5 ukaishia 2.6.

Halafu tazama nani aliyewahi. D2EHPA hupenda zinki, kalsiamu na manganisi kuliko kobalti. Kalsiamu yako 0.45 g/L ni moli 0.011, na hiyo peke yake inaweza kutoa moli 0.022 za asidi. Jumlisha na hiyo 8% ya kobalti, zinki na manganisi, unafika hapo hapo kwenye 2.6. Vijisindano vyeupe ni kalsiamu hiyo hiyo: iliingia na mafuta, ikakutana na asidi ya salfuriki ikawa jasi.

Kwa hiyo usiandike tena pH ya kuanzia kwenye daftari kana kwamba ndiyo sharti la jaribio. pH inayoamua ni ile ya mwisho, baada ya maji na mafuta kupatana. Ukilinganisha majaribio mawili kwa pH ya kuanzia, unalinganisha vitu viwili visivyohusiana.

Utando wa kijani wa jaribio la 2 ni hidroksidi ya nikeli. Kwa nikeli 25 g/L hidroksidi huanza kuganda pH ikikaribia 6.5 katika joto la kawaida. Pale tone la soda 10 M linapoangukia, pH ni 13 au 14 kwa muda mfupi. Chembe zikishaganda zinachelewa kuyeyuka tena, zinakwenda kukaa kwenye mpaka wa maji na mafuta, na hapo ndipo dakika 20 zako zilipopotelea.

Dawa yake ni kuiweka soda kwenye mafuta kabla hayajaona nikeli. Chukua mafuta peke yake, mwagia soda ya kiasi kilichopigiwa hesabu, koroga dakika 10 mpaka yawe angavu. Sehemu ya kemikali inageuka chumvi ya sodiamu, sabuni kwa maneno mengine. Mafuta hayo yakikutana na maji yako, sodiamu inatoka na kobalti inaingia, na pH haianguki. Kiasi cha soda ndicho kinachoweka pH ya mwisho, huna haja ya kuikimbiza kwa matone.

---

Kinasa272

Nakubaliana na hesabu ya hapo juu, naongeza juu ya kemikali yenyewe. Ninaposema kinasa hapa ni ile asidi ya kikaboni inayokamata metali ndani ya mafuta.

Fanya hesabu ya jaribio lako la 2. Kobalti: 70 kwa 30, yaani mgawanyo 2.33. Nikeli: 25 kwa 75, yaani 0.333. Gawanya, unapata 7. Hicho ndicho kipimo cha utengano wa D2EHPA kwenye joto la chumba, na nikeli yako ni mara nane ya kobalti. Kuongeza hatua za kunasa hakutakuokoa, kwa sababu kila hatua inaongeza zote mbili.

Vinasa vitatu vya fosforasi vinavyotumika kwa kazi hii vinapangwa hivi kwa nguvu ya kutenganisha kobalti na nikeli: D2EHPA ambayo ni asidi ya fosforiki, kisha PC-88A ambayo ni ya fosfoniki, kisha Cyanex 272 ambayo ni ya fosfiniki. Ukichora asilimia iliyonaswa dhidi ya pH, umbali kati ya mkondo wa kobalti na wa nikeli kwenye 50% ni takribani nusu ya pH kwa D2EHPA, karibu 1.4 kwa PC-88A, na karibu 1.9 kwa Cyanex 272. Kwa kuwa metali zote mbili hutoa asidi mbili mbili, kila pH 1 ya umbali ni mara 100 ya utengano. Ndipo unaona tofauti ya 7 yako na maelfu.

Sababu iko kwenye umbo. Ndani ya mafuta kobalti hukubali kukaa katikati ya oksijeni nne, ikiwa imeachana na maji yote; ndiyo ile buluu kali unayoiona. Nikeli hung'ang'ania oksijeni sita na kubaki na molekuli za maji, ndiyo kijani. Matawi manene ya Cyanex 272 yanaibana nikeli zaidi. Joto linasukuma kobalti kwenye umbo la nne, kwa hiyo 50 °C inaongeza utengano, na isitoshe mafuta yanakuwa mepesi na matabaka yanaachana haraka. Usifanye kazi hii kwenye joto la chumba ukitaka majibu ya maana. Hata hivyo angalia kipeo cha kuwaka cha mafuta ya taa unayotumia, ubaki chini yake kwa nafasi ya kutosha, na bika liwe na mfuniko.

Faida nyingine kwako: kwa Cyanex 272 mpangilio wa kunaswa kadiri pH inavyopanda ni chuma, zinki, shaba, manganisi, kobalti, magnesiamu, kalsiamu, nikeli. Kalsiamu imesogea nyuma ya kobalti. Jasi kwenye hatua ya kukamua inakwisha, au inapungua sana.

Kiasi. Cyanex 272 ya kiwandani ina takribani 85% ya kinasa chenyewe, uzito wa moli ni 290, na lita moja ni kama gramu 920. Mafuta yenye 10% kwa ujazo yanakuwa na moli 0.27 kwa lita. Katika mzigo wa kawaida kobalti moja inashikwa na molekuli nne za kinasa, kwa hiyo nafasi yenye raha ni moli 0.067, yaani kobalti 4 g/L. Ukisukuma mpaka molekuli mbili kwa kobalti moja unafika karibu 8 g/L, lakini hapo minyororo inaungana na mafuta yanakuwa mazito kama asali. Kwa 3 g/L na ujazo sawa kwa sawa, 10% inakutosha. Msishawishike kuweka 20% eti kwa usalama: nafasi inayobaki wazi ndani ya mafuta inajazwa na nikeli.

Soda: moli 0.102 za kobalti, ongeza kidogo kwa manganisi, zinki na magnesiamu, chukua moli 0.108 kwa lita ya mafuta. Hiyo ni 40% ya kinasa chote. Kwa soda 5 M ni mililita 21.6 kwa lita moja.

Weka na tributili fosfeti 5% kwa ujazo. Bila hiyo, mafuta yenye sabuni ya sodiamu hujitenga mara mbili na unapata tabaka la tatu, zito, katikati ya maji na mafuta. Watu wengi hulidhania ni uchafu.

---

Tangi_la_Kutulia

Napenda kuongeza namna ya kupima, kwa sababu faneli ya kutikisa kwa mkono haifai kwa kuchora mkondo wa pH.

Chukua bika la lita 1, maji mililita 250 na mafuta mililita 250 yasiyo na sabuni, kwenye maji ya moto ya 50 °C, kikorogeo cha kuzunguka. Dondosha soda 2 M, si 10 M. Kila unapotaka nukta moja, subiri pH isimame dakika 10 bila kuongeza kitu, kisha vuta mililita 20 za mchanganyiko ukiwa bado unazunguka. Ukivuta mchanganyiko, uwiano wa maji na mafuta kwenye bika haubadiliki. Acha zitengane kwenye joto lile lile. Maji yachuje kwa karatasi ya kawaida. Mafuta yapitishe kwenye karatasi iliyotiwa silikoni, inayozuia maji. Kisha kamua mafuta kwa asidi ya salfuriki 2 M mara mbili na upime metali. Usikisie metali ya kwenye mafuta kwa kutoa tu. Nikeli ikitoka 25.0 na kwenda 24.8, kosa la mashine ya kupimia ni kubwa kuliko jibu unalolitafuta.

Elektrodi ya pH hupakwa mafuta na kuanza kusoma uongo taratibu, kwa kawaida ndani ya saa moja au mbili. Ioshe kwa pombe ya isopropili, kisha maji, kisha iloweke kwenye kloridi ya potasiamu 3 M, na uipime upya kwa bafa (mimumunyo ya pH inayojulikana) zilizopashwa 50 °C. Ikiwa una shaka, simamisha mkorogo, subiri, na pima kwenye maji yaliyotengana.

Kuhusu hatua ngapi: mgawanyo wa kobalti ukiwa 5 na ujazo sawa kwa sawa, hatua tatu za maji na mafuta kupishana zinaacha 0.64% ya kobalti, yaani 19 mg/L kwenye 3 g/L yako. Hiyo ni ukingoni kabisa mwa lengo. Hatua nne zinakupeleka 4 mg/L. Jenga nne.

---

Nishadhuru_Amonia

Mbona hamtaji amonia? Haihitaji kuyeyushwa, inaingia kwenye mafuta haraka, na haiachi sodiamu kwenye nikeli. Kwa soda, moli 0.102 kwa lita ni sodiamu 2.3 g/L ndani ya maji ya nikeli. Anayetaka kufuwelisha salfeti ya nikeli baadaye ataichukia.

---

Kinasa272

Hoja ya sodiamu ni ya kweli. Ila amonia ina mtego wake: salfeti ya nikeli na ya amonia huungana kuwa chumvi pacha, fuwele za kijani-buluu zisizoyeyuka vizuri kwenye maji baridi. Kwa mmumunyo wa muuliza swali, nikeli 25 na amonia kidogo hivi, hazitatokea. Kwa mmumunyo wa nikeli 80 na kobalti 10 zinatokea, hasa bomba linapopoa usiku, na zinaziba vali. Pia amonia inayobaki kwenye maji hushikamana na nikeli, kwa hiyo kuigandisha nikeli kama hidroksidi baadaye kunakuwa kazi.

Njia safi zaidi ni kubadilishana. Fanya sabuni ya sodiamu kama tulivyoeleza, kisha kabla ya kukutana na maji makuu, ikutanishe na sehemu ndogo ya maji ya nikeli ambayo kobalti imeshaondolewa. Kwa moli 0.108 za sodiamu unahitaji moli 0.054 za nikeli, yaani gramu 3.17, ambazo zimo kwenye mililita 127 za maji ya 25 g/L kwa kila lita ya mafuta. Mafuta yanageuka kijani, sodiamu yote inatoka kwenye kijito kidogo cha salfeti ya sodiamu ambacho unakitupa kivyake baada ya kukisafisha. Sasa mafuta yenye nikeli yanakwenda kukutana na maji makuu: kobalti inaingia, nikeli inatoka, hakuna asidi inayozaliwa, na pH inakaa palepale. Maji ya nikeli yanatoka bila sodiamu.

Sharti moja: kwenye hatua ya kuingiza nikeli, pH inapanda karibu na 7. Mimina maji ya nikeli kwanza, mafuta yenye sabuni yaingie polepole ndani yake. Ukigeuza mpangilio, nikeli inakutana na sabuni nyingi kupita kiasi na unarudi kwenye utando wa hidroksidi.

---

Bika_la_Kijani

Asanteni sana. Nimerudia kwa Cyanex 272 10%, TBP (tributili fosfeti) 5%, 50 °C, sabuni 40%, mguso mmoja, sawa kwa sawa. pH ya mwisho 5.1. Kobalti 82%, nikeli 1.1%, magnesiamu 38%. Matabaka yameachana kwa sekunde 70.

Kisha, ili kuondoa nikeli, nikasuuza mafuta mara moja kwa salfeti ya kobalti 20 g/L ya pH 4, mafuta 20 kwa maji 1, nikaacha dakika 3, nikakamua kwa asidi 60 g/L, mafuta 10 kwa maji 1. Kobalti imetoka yote, lakini nikeli ni 1 kwa 245. Nipandishe asidi ya kusuuzia?

---

Mizani_ya_Asidi

Mizania yako inafunga, hongera. Kobalti moli 0.042, nikeli 0.0047, magnesiamu 0.006, na kidogo cha zinki na manganisi; zidisha kwa mbili unarudi kwenye soda 0.108 uliyoweka. Jaribio likifunga hivyo, unaweza kuliamini.

Kabla ya kugusa asidi, tafuta kwanza nikeli hiyo iko wapi. Mafuta yalibeba nikeli 0.28 g/L. Kusuuza kwa 20 kwa 1 kukifanya kazi vizuri, nikeli yote inakusanyika kwenye maji machache, kama 5.5 g/L. Sasa ikiwa mafuta yametoka na mililita 2 tu za maji hayo kwa lita, zikiwa matone madogo yasiyoonekana, yamebeba nikeli miligramu 11. Kobalti kwenye mafuta ni kama gramu 2.7. Gawanya: 1 kwa 245. Namba yako ile ile.

Kwa hiyo nashuku nikeli haijashikwa na kinasa, imepanda gari la matone. Jaribu hivi: gawa mafuta yaliyosuuzwa mara mbili. Sehemu moja kamua kama ilivyo. Nyingine ipitishe kwenye karatasi ya silikoni, au izungushe kwenye sentrifuji dakika 5, ndipo ukamue. Zikitofautiana, tatizo ni matone, na asidi zaidi kwenye maji ya kusuuzia itakupotezea kobalti bila faida.

---

Tangi_la_Kutulia

Matone hutokana na mambo matatu kwa kawaida. Mkorogo wa nguvu mno: ukivunja matone kuwa ukungu hayatulii hata kwa saa nzima. Punguza mwendo mpaka mchanganyiko uwe tu sawa kote, usiende zaidi ya hapo. Pili, nani amezungukwa na nani. Matone ya mafuta yakiwa ndani ya maji, mafuta yanayotoka juu huwa na maji machache zaidi. Maji yakiwa matone ndani ya mafuta, mafuta hutoka yamebeba ukungu wa maji. Kwa 20 kwa 1 kwenye bika, hakika maji ndiyo matone. Kwenye kichanganyio halisi unarudisha maji ya kusuuzia kutoka tangi la kutulizia mpaka uwiano ndani ya kichanganyio uwe karibu sawa kwa sawa, ingawa yanayoingia mapya ni 1 kwa 20. Hali hiyo unaijua kwa kipima umeme: maji yakizunguka mafuta, umeme unapita, mafuta yakizunguka maji, haupiti.

Tatu, dakika 3 ni chache kwa mafuta yaliyobeba kobalti. Ongeza muda, na uweke hatua ya pili ya kusuuza kwa mmumunyo mpya wa kobalti. Hatua ya pili hailazimiki kunyang'anya nikeli kutoka kwa kinasa, inabadilisha tu matone machafu kwa matone masafi.

Maji ya kusuuzia yaliyotumika usiyamwage. Yana kobalti na nikeli. Yarudishe kwenye maji yanayoingia kunaswa.

---

Chumvi_na_Klori

Kwa wanaosoma wenye mmumunyo wa kloridi badala ya salfeti: njia ni tofauti kabisa. Kloridi ikifika moli 7 hadi 8 kwa lita, kobalti inageuka ayoni hasi yenye kloridi nne, na nikeli haigeuki. Amini ya daraja la tatu kama Alamine 336, ikiwa imetiwa asidi ya hidrokloriki kwanza, inanasa kobalti na kuiacha nikeli, bila soda wala kupima pH kwa wasiwasi. Kukamua ni kwa maji tu au asidi hafifu, kwa sababu kloridi ikipungua ayoni ile inavunjika. Kiwanda cha nikeli cha Kristiansand nchini Norwei kimejengwa juu ya kemia ya kloridi namna hii. Chuma cha daraja la tatu (Fe³⁺) na zinki hutangulia kobalti, lazima viondoke mapema; zinki haitoki kwa maji. Na vifaa vyote viwe vya plastiki au fiba, chuma cha pua kinatobolewa na kloridi.

Usijaribu kubadili salfeti kuwa kloridi kwa ajili ya hili tu. Gharama ya kuondoa chumvi mwishoni inakula faida yote.

---

Bika_la_Kijani

Sehemu iliyopita kwenye karatasi ya silikoni imetoa 1 kwa 900. Kweli yalikuwa matone. Naweka hatua mbili za kusuuza. Swali la mwisho: magnesiamu 38% inayoingia, na D2EHPA niliyobaki nayo, nifanye nini nazo?

---

Kinasa272

Magnesiamu inakaa nyuma kidogo tu ya kobalti, kwa hiyo kwenye mguso mmoja utaiona nyingi. Maji na mafuta yakipishana kwa hatua nne itapungua, kwa sababu mafuta yanayotoka hukutana mwisho na maji mapya yenye kobalti nyingi, nayo inaisukuma magnesiamu na nikeli zirudi kwenye maji. Hilo linafanyika ikiwa tu mafuta hayana nafasi ya ziada. Ukiona magnesiamu inaongezeka kwenye kobalti, punguza sabuni kutoka 40% kwenda 38 kabla ya kufikiria kitu kingine. Usiipeleke pH ya hatua ya mwisho kupita 5.5 kwa kufukuza miligramu chache za kobalti. Utalipa kwa magnesiamu na nikeli.

D2EHPA usiitupe. Iweke mbele, kama mlinzi. Kwa pH ya mwisho kati ya 3 na 3.3 inaondoa zinki, sehemu kubwa ya kalsiamu na manganisi, kabla maji hayajafika kwenye Cyanex. Bila hivyo zinki na manganisi vitafuatana na kobalti mpaka mwisho, maana kwa Cyanex vyote viwili hunaswa kabla yake. Kobalti kidogo itaingia humo pia. Isuuze kwa asidi hafifu na maji hayo yarudi mwanzo. Kukamua kalsiamu tumia asidi ya hidrokloriki, siyo ya salfuriki, ndipo jasi haitatokea. Lakini osha mafuta kwa maji baada ya hapo, kloridi isisafiri kwenda mbele. Na D2EHPA isiingie kabisa kwenye mafuta ya Cyanex: hata kidogo kinashusha utengano wa kobalti na nikeli. Tumia vyombo tofauti, pampu tofauti.

Chuma ulichobakiza, 5 mg/L, kinaonekana kidogo, lakini chuma cha daraja la tatu hakitoki kwa asidi 60 g/L. Kinakusanyika mzunguko baada ya mzunguko, na kila kinachokusanyika kinachukua kiti cha kobalti. Toa sehemu ndogo ya mafuta kila mara, ikamue kwa asidi ya salfuriki 200 g/L, irudishe.

---

Mizani_ya_Asidi

Ongeza hapo upimaji wa mafuta yenyewe kila wiki. Chukua mililita 5 za mafuta yaliyokamuliwa na kuoshwa vizuri, yayeyushe kwenye pombe ya isopropili 75%, pima kwa soda 0.1 M. Yakiwa bado 10%, utatumia mililita 13.5. Ukitumia 12, umepoteza kinasa, na ile hesabu ya sabuni 40% sasa ni 45%, ndiyo maana nikeli itaanza kupanda bila wewe kubadili kitu.

Kinyume chake pia hutokea: soda inaongezeka kuliko ulivyoweka kinasa. Kobalti ndani ya mafuta yenye joto na hewa huchochea mafuta ya taa yaoze kuwa asidi za kaboksili, na asidi hizo hunasa nikeli bila ubaguzi. Weka kizuizi cha kuoza cha BHT tangu siku ya kwanza, funika matangi, usiruhusu kikorogeo kivute hewa, na usiyaache mafuta yenye kobalti yakilala usiku kucha kwenye 50 °C. Yakamue kwanza, kisha yapoe.